Lupango wa Baba Heri Ulivyonishika Mbele ya Shefu

Leo sina uso. Nimeuacha kwenye lupango, ule ua wa jirani, mbele ya shefu wa kijiji, mchungaji, na nusu ya watu wanaoishi kati ya barabara na ziwa. Ninyi mlioko Kigoma, ninyi wa Uvira, na wewe wa Bukavu unayesoma kila ujumbe na hujibu, kaeni vizuri. Nitaeleza mara moja tu.

Kwa waliosahau: shamba langu la karanga limepakana na la Baba Heri, yule mrefu, mpole, anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa. Katikati yetu kuna lupango wa miti na matete. Unaanzia juu, kwenye barabara ya Nundu, unashuka mpaka kijitoni. Tangu enzi za baba mkwe wangu kazi iligawanywa hivi: kutoka barabarani hadi kwenye mchikichi, ni sisi. Kutoka kwenye mchikichi hadi kijitoni, ni wao. Kikivunjika kipande chako, unatengeneza wewe. Hakuna aliyewahi kugombana, kwa sababu mchikichi ulikuwa mkubwa, unaonekana na kila mtu, na haukuwa na tabia ya kuhama.

Halafu vita vikarudi. (Msiniulize vipi. Mlikuwepo, au mlikuwa mmeshapanda boti.) Sisi tulikimbilia Ubwari. Tuliporudi, nyumba haikuwa na mlango, lupango wote ulikuwa umegeuzwa kuni na wale waliolala pale, na mchikichi haukuwepo. Nyasi zilikuwa zimeota kila mahali, ungesema hapajawahi kusimama kitu.

Nikajenga kipande changu, kutoka barabarani kushuka hadi pale mchikichi ulipokuwa. Baba Heri akajenga chake, kutoka kijitoni kupanda hadi pale mchikichi ulipokuwa. Shida ni kwamba mimi na yeye hatukukumbuka mahali pamoja. Tulipomaliza, kati ya mwisho wangu na mwisho wake kulibaki pengo ambalo ng'ombe wawili wangepita sambamba wakipiga hadithi.

Mbuzi wa kijiji walilijua pengo hilo siku ileile.

Sasa, zile karanga. Mbegu zetu zote tulizila tukiwa ukimbizini. Hizi nilipewa na dada yangu wa Nundu, aliyezipunguza kwenye zake huku watoto wake wakiangalia. Kila asubuhi nilikuta mistari imenyonyolewa majani. Zikiliwa hizi, mwaka huu tutakula hewa. Kwa hiyo sikuwa nagombania pengo kwa kupenda ugomvi. (Kidogo tu.)

Nilimfuata Baba Heri juzi, akiwa anafunga matete.

"Baba Heri, funga kipande yako. Mbuzi zinamaliza karanga yangu."

"Kipande yangu nimefunga, Mama Feza. Ile inabakia ni yako."

"Yangu inaishia pale juu, kwenye muchikichi."

"Muchikichi ilikuwa huku chini."

"Ilikuwa juu."

Akafunga tete jingine. "Mbuzi hazijue mambo ya muchikichi," akasema. "Tusaidiane, tufunge pamoja."

Hapo ndipo ningesema ndiyo. Mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nilisema nitamwita shefu.

Basi leo asubuhi shefu amekuja. Nimejiandaa kama bibi harusi. Nimevaa kitenge changu kizuri, kile cha mashua na ndege. Chini yake nimevaa kaptula ya mpira ya mume wangu, ya njano. Wanawake wengi wa huku tunajua sababu: siku ya kukimbia haipigi hodi, na kitenge hakikimbii. Mume wangu mwenyewe yuko Ubwari na nyavu zake, hajui lolote, na ninaomba aendelee hivyo.

Shefu amekuja na fimbo yake. Mchungaji naye amekuja, kwa sababu mimi na Baba Heri tunasali kanisa moja na ametuona tukikaa mabenchi tofauti. Watu wengine hawakuitwa na mtu. Wamekuja kwa sababu leo si siku ya soko. Tumesimama wote ndani ya shamba langu, upande huu wa lupango. Upande ule ni kwa Baba Heri, na nyuma ya shamba lake kuna migomba yake minene inayoshuka hadi kijitoni.

Niwaambie pia hali ya siku hizi. Wiki hii yote kumekuwa na maneno kwamba watu wenye bunduki wameonekana wakishuka kutoka milimani. Hakuna anayejua ni wa upande gani, na kwa sisi wenye karanga upande si kitu. Usiku tunalala na vifurushi karibu na mlango. Ndiyo hali watu waliyosimama nayo pale, wakinisikiliza mimi nikieleza mambo ya matete.

Na nimeeleza. Jamani, nimeeleza. Nimeanza na baba mkwe wangu. Nimepita kwenye ukoo. Nimekwenda kwenye kipande changu, nikakitikisa mbele ya shefu.

"Shefu, angalia kazi ya mwanamuke. Hapa hata panya haipite."

Shefu akatikisa naye. "Iko nguvu."

Kisha nikahamia kwenye kipande cha Baba Heri. Kwa kweli hakikuwa kibaya. Lakini nilishapanda juu ya maneno na sikujua kushuka. Nikasema, "Na hii sasa? Shefu, hii ni lupango ao ni nyumba ya buibui? Mutoto akipiga chafya hapa, yote inaanguka."

Watu wakacheka. Baba Heri akakwangua udongo kwenye kucha zake. Mkewe, Mama Heri, aliyekuwa amesimama nyuma yake na panga la kukatia nyasi, akaniangalia kwa jicho moja tu. Lilitosha.

Shefu akamgeukia. "Baba Heri, na weye unasema nini?"

"Muchikichi ilikuwa huku chini," akasema.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Shefu."

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu. Ndipo mlio ukaja kutoka barabarani, mmoja, mzito, wa kupasua masikio. Kabla haujaisha, wa pili.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Mtu wa huku hasimami kuuliza ni nini. Ninyi mmekaa mbali, labda mmesahau, lakini miguu yenu ingekumbuka. Watu wote waligeuka kwa pamoja kuelekea kwenye migomba ya Baba Heri, na njia ya kufika kwenye migomba ilikuwa moja: pengo. Shefu aliingia wa kwanza. Mchungaji wa pili, kiatu kimoja kikabaki kwangu. Akina mama, wazee, mbwa. Walibanana pale kama dagaa kwenye kikapu.

Na mimi? Mimi nikaona foleni. Nikajiambia, Mama Feza, usisubiri foleni. Lupango wa Baba Heri si umesema mwenyewe ni nyumba ya buibui? Ugonge, utaanguka, upite.

Nimeugonga. Haujaanguka.

Nikauparamia. Nimefika juu vizuri, kifua kimeshavuka, nikajitupa upande wa pili kichwa kikitangulia. Kitenge hakikukubali. Kilishikwa na mti mmoja uliochongoka, kikajikunja kiunoni na kukaza kama kamba ya ng'ombe. Nikabaki hapo. Kichwa na mikono kwa Baba Heri, miguu kwangu, na katikati, juu ya lupango, kaptula ya njano ikiangalia mbingu.

Nilipiga miguu. Nilivuta. Mti haukutikisika. (Lile neno kuhusu mtoto na chafya, ninalirudisha.)

Halafu pakawa kimya. Hapa sitanii. Nilisikia watu wakiishia kwenye migomba, majani yakitulia, halafu hakuna kitu. Damu ilikuwa imeshuka yote kichwani. Feza na wadogo zake walikuwa shuleni, upande mwingine wa kijiji, na nikawa nahesabu kichwani ni njia gani mwalimu atawapitisha. Nikaomba. Sikuomba kwa mpango. Nilisema tu, Mungu, si hivi. Si na kaptula hii.

Nikasikia hatua. Zinakuja polepole kwenye nyasi, za mtu mmoja. Nikafumba macho. Nilifikiri, nikikaa kimya labda atadhani nimeshakufa.

"Mama Feza. Ni miye. Usipige miguu, utanivunja meno."

Nikafumbua. Niliona miguu ya Baba Heri, na panga la mkewe mkononi.

"Batu bote bameenda?" nikauliza.

"Bameenda."

"Na weye?"

"Niliona umebaki."

"Baba Heri, ukimbie. Banakuja."

Akainama, akashika ule mti uliochongoka, akaanza kuukata chini. Ni lupango wake mwenyewe aliokuwa anaukata, wa majuzi tu, na matete hayajakauka. Alikuwa anahema. Kila pigo aligeuza kichwa kuangalia barabarani. Alikuwa anaogopa kama mimi, na bado anakata.

"Kama banakukuta hapa," akasema, "nusu yako nani ataitengeneza?"

Sikujua kama nicheke au nilie. Mtu aliyening'inia kichwa chini hawezi lolote kati ya hayo mawili.

Akakata tena, chini zaidi, na panga likagonga kitu. Tok. Si mti wa lupango, si jiwe. Akasogeza majani ya viazi vitamu yaliyotambaa pale. Hapo, kwenye udongo, mbele ya macho yangu, kulikuwa na kisiki. Kipana, cheusi kwa moto, na zile nyuzi zake za mchikichi zikitokeza pembeni kama ndevu za mzee.

Kwenye mpaka ule hakujawahi kuwa na mchikichi mwingine. Mnajua. Na kisiki hakikuwa pale nilipoishia mimi, wala pale alipoishia Baba Heri. Kilikuwa chini ya lupango wake, kuelekea kijitoni, ndani kabisa ya kipande alichojenga. Maana yake pengo lote lilikuwa langu, tangu mwanzo hadi mwisho. Na siyo pengo tu. Yeye alikuwa ameupita mchikichi bila kujua, akanijengea na kipande changu. Kile kile nilichokiita nyumba ya buibui kilikuwa changu.

Nilikiangalia kisiki. Baba Heri alikiangalia kisiki. Alirudisha majani ya viazi juu yake, taratibu, akaendelea kukata.

Kitenge kikachanika, nikaanguka. Niliangukia mgongo, kitenge kikabaki juu. Nilikuwa najaribu kusimama wakati mwanaume nisiyemjua alipotokea kwenye pengo, mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. Akatuangalia. Mwanaume na panga, mwanamke na kaptula ya mpira, lupango umevunjika.

"Samahani," akasema. "Niko na kamio pale barabarani. Tairi mbili zimepasuka, moja kisha ingine. Munaweza kunipa miti ya kuinulia?"

Macho yake yakarudi kwenye panga.

"Ao nimekuja saa mubaya?" akauliza.

Baba Heri alikaa chini. Alikaa tu, kwenye udongo, akaweka panga pembeni, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, machozi yakimtoka. Tangu turudi kutoka ukimbizini sijawahi kumwona akicheka. Nami nikaanza. Yule dereva akarudi nyuma hatua chache, na simlaumu.

Kicheko chetu ndicho kilichowatoa wengine kwenye migomba. Walikuja mmoja mmoja, kila mtu na sura ya kwamba hakwenda mbali. Shefu alikuwa na tope hadi magotini.

"Nilienda kuangalia kijito," akasema. "Maji imepunguka."

Mchungaji akaona kaptula, akaangalia mbinguni, akavua koti lake na kunipa bila kugeuza kichwa. Nikalifunga kiunoni. Ni koti fupi. Lilifanya lililowezekana. Mama Heri alikwenda moja kwa moja kwa mume wake, akachukua panga lake, kisha akamkung'uta udongo mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baadaye nilijua kwamba alipomwona anarudi nyuma, alimshika shati, akachomoka, na mkononi mwake kikabaki kifungo kimoja tu.

Nilidhani mambo yameisha. Ningekwenda nyumbani, ningelala hadi mwaka ujao. Lakini shefu ni mtu wa kumaliza kazi.

"Tuendelee," akasema. "Tulikuwa kwa muchikichi. Baba Heri, uko na neno ya kuongeza?"

Nikamwangalia Baba Heri. Angesema tu, tumekiona. Neno moja. Badala yake akaangalia mikono yake.

"Hapana, Shefu. Nilishasema."

Ndiyo maana nasema leo nimeumbuka. Kaptula ni nguo, itafuliwa. Kilichoniumbua ni kusimama pale na koti la mchungaji kiunoni, na watu wote niliowachekesha asubuhi, na kuanza kusema.

"Shefu. Muchikichi imeonekana."

"Imeonekana? Nani ameiona?"

"Ni miye."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa..." Nikatafuta neno la heshima. Halipo. "Nilikuwa kichwa chini, Shefu."

Sitaeleza kile kicheko. Bibi mmoja alilazimika kushikiliwa. Nikawaonyesha kisiki, nikafunua majani mwenyewe. Shefu akapima kwa macho, kutoka kisikini hadi mwisho wa lupango wangu ule usiopitwa na panya. Akakohoa.

"Kwa hiyo, Mama Feza, hii yote ni yako."

"Ni yangu."

"Na hii nyumba ya buibui?"

"Na yenyewe."

Nikamgeukia Baba Heri. Nilitaka kusema mengi, nikasema, "Unisamehe." Yeye akasema, "Imepita." Kisha, kwa sababu hata mtu mpole ana kiasi chake, akaongeza, "Lakini buibui alifanya kazi, eh?"

Shefu alikuwa anaanza kuamua kwamba nilifunge pengo lote kabla ya wiki kuisha. Yule bibi aliyeshikiliwa akamkatiza.

"Shefu, akifunga kabisa, siku ingine tutapita wapi?"

Hapo kicheko kikaisha. Kila mtu aliangalia lile pengo, nyayo za watu wote zimechanganyika kwenye udongo, kiatu cha mchungaji bado kimelala pembeni. Leo ilikuwa tairi. Hakuna aliyesema neno kuhusu siku ambayo haitakuwa tairi.

Wakakubaliana hivi: nitajenga, lakini katikati nitaacha mlango mpana wa miti, usiofungwa kwa kufuli wala waya. Mbuzi wasiweze kuusukuma, ila mtu anayekimbia auondoe kwa mkono mmoja. Kuulinda mlango ni kazi yangu, kwa sababu uko upande wangu wa mchikichi. Kuhakikisha njia ya kwenye migomba iko wazi ni kazi ya Baba Heri. Shefu akachora mstari kwa fimbo, akasema mambo yamekwisha, akaenda kuosha miguu.

Mchana wote nimefanya kazi. Baba Heri na mkewe wamekuja na mzigo wa matete bila kuitwa. Mama Heri amefunga upande mmoja, mimi mwingine. Baadaye akaniuliza ile kaptula ni ya timu gani. Nikamwambia. Akasema timu hiyo haijawahi kushinda. Tukaendelea kufunga.

Watoto wamerudi salama kutoka shuleni na wamenikuta nimejaa udongo. Feza alikuwa ameshaelezwa njiani, na watu watatu, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo nawaandikia kabla giza halijaingia na simu haijazima. Boti ya kesho itawafikishia ninyi wa Kigoma hadithi inayozunguka kijijini, ambamo naambiwa sikuwa hata na kaptula. Tafadhali, shikeni hii yangu yenye nguo.